Reds na Kentucky wamenichosha: besiboli haina adhabu kwa tajiri, kikapu cha vyuo hakina mkataba na mtu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu. Nina uchungu na timu mbili na nimeona niutoe hapa, maana huku niliko kila mtu ana uchungu wake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Naishi Lexington, jimbo la Kentucky. Kikapu chetu ni cha University of Kentucky, besiboli yetu ni Cincinnati Reds, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kuelekea kaskazini hadi ukingo wa mto Ohio. Msiojua besiboli msikimbie, nitaeleza njiani.

Nianze na Reds. Cincinnati ndiko ilikotokea klabu ya kwanza ya besiboli ya kulipwa, mwaka 1869, kwa hiyo hatuzungumzii timu ya juzi. Wana makombe matano ya World Series, fainali ya ubingwa wa ligi. La mwisho ni la 1990, walipowafagia Oakland mechi nne kwa bila. Na tangu 1995 hawajavuka hata hatua moja ya mtoano. Kombe tumeshaacha kuliwaza, tunaomba hatua moja tu. Kuna watu wamezaliwa, wamesoma, wameoa na wana watoto na hawajawahi kuona Reds wanavuka.

Na wanavyotolewa sasa! 2010 Roy Halladay wa Philadelphia aliwarushia mechi nzima bila kuruhusu hata pigo salama moja, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kituoni. 2012 walishinda mechi mbili za kwanza ugenini San Francisco, wakarudi nyumbani wakihitaji moja tu kati ya tatu, wakapoteza zote tatu mbele ya watu wao. 2020 walicheza na Atlanta zamu 22 katika mechi mbili bila kupata pointi moja.

Lakini inayoniuma mpaka leo ni ile ya Pittsburgh, tarehe 1 Oktoba 2013. Mechi moja, ukifungwa kwaheri. Johnny Cueto, mrushaji wetu, amesimama kwenye kile kichuguu cha mrushaji, uwanja mzima umevaa nyeusi, unamwimba jina lake kwa kulikata vipande, Kuu-e-to, Kuu-e-to. Mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini miguuni pake. Watu wakapiga kelele kama wamefunga. Akauokota, akarusha uliofuata, Russell Martin wa Pittsburgh akaupiga ukatoka nje ya uwanja. Ikawa 2-0, na ingawa mechi iliendelea na kuishia 6-2, kila aliyekuwa anatazama alijua imeisha pale pale.

Kufungwa nakubali, ni mchezo. Ninachokataa ni kufungwa kwa kupangwa. 2021 Reds walimaliza 83-79, timu inaeleweka, imekosa kidogo tu. Uongozi ukaamua kupunguza mishahara. Sonny Gray akauzwa, Jesse Winker na Eugenio Suárez wakapelekwa Seattle kwa mpigo, Wade Miley akaachwa akachukuliwa bure na Cubs. Msimu wa 2022 ukaanza kwa ushindi 3 na vipigo 22, ukaishia na vipigo 100. Na siku ya ufunguzi wa nyumbani msimu huo huo, rais wa klabu, Phil Castellini, mtoto wa mmiliki, alipoulizwa na redio kuhusu mashabiki waliokata tamaa akajibu kwa kuwauliza wao wataenda wapi. Akaomba radhi baadaye siku hiyo hiyo. Mimi radhi yake nimeisikia, ila jibu lake la kwanza ndilo naliamini, kwa sababu ni kweli tupu. Tutaenda wapi?

Hapa ndipo msiofuatilia michezo ya Marekani mnielewe vizuri. Nyumbani ukishika mkia Ligi Kuu unashuka daraja. Unapoteza mapato, wadhamini, heshima. Huku hakuna kushuka. Timu 30 ni zile zile, ufanye vizuri ufanye vibaya. Mapato ya televisheni ya taifa yanagawanywa sawa, na klabu za miji midogo zinapewa fungu kutoka kwa klabu kubwa. Kundi la Castellini liliinunua Reds 2006 kwa kiasi cha dola milioni 270. Leo jarida la Forbes wanaikadiria klabu hiyo zaidi ya dola bilioni moja. Katika muda huo wote hawajavuka hatua moja ya mtoano. Niambieni, mtu wa namna hiyo ana sababu gani ya kuhangaika?

Kila mtu huku analia na Dodgers wa Los Angeles. Desemba 2023 walimsaini Shohei Ohtani miaka 10 kwa dola milioni 700, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa baada ya mkataba kwisha. Wakabeba kombe 2024, wakabeba tena 2025. Na Reds walipoingia mtoano 2025 kwa kuponea tundu la sindano walikutana na hao hao Dodgers: 10-5, halafu 8-4, zote mbili kule kule Los Angeles. Kodi ya anasa, ile anayotozwa anayezidisha kiwango cha mishahara, ambayo Dodgers walitozwa kwa msimu ule, kodi tu, ilizidi mishahara yote ya kikosi cha Reds.

Mimi silii na Dodgers. Dodgers wanatumia pesa kutafuta ushindi, na ndiyo kazi ya klabu. Nalia na mmiliki anayepokea mgao na kukaa nao. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kabla ya kuweka ukomo wa juu wa mishahara, wekeni kiwango cha chini. Ukipokea mgao, utumie kwa wachezaji, usipotumia unanyang'anywa.

Jambo la pili kuhusu besiboli ni kamari, na hapa nitakuwa mkali. Pete Rose alikuwa mtoto wa Cincinnati, kazaliwa pale, kakulia pale. Mapigo salama 4,256, hakuna aliyemfikia mpaka leo. Mwaka 1989 alifungiwa maisha kwa kubeti besiboli akiwa kocha wa Reds. Alikosea, sheria ilikuwa imebandikwa ukutani kila chumba cha kubadilishia nguo. Amekufa tarehe 30 Septemba 2024 akiwa bado amefungiwa. Wakaja kumtoa kwenye orodha Mei 2025, wakati amekwishazikwa. Sasa msimu wa 2025 Reds walirushwa kwenye chaneli gani? Chaneli iliyopewa jina la kampuni ya kubeti, FanDuel. Mtoto wa miaka minane alipotaka kumwona nyota wetu Elly De La Cruz anakimbia, jina la kampuni ya mikeka lilikuwa kwenye kona ya skrini muda wote wa mechi.

Na msidhani ni maneno matupu. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walifunguliwa mashtaka ya shirikisho wakidaiwa kupanga na wabetiji aina ya mipira watakayorusha. Wamekana na kesi ni ya mahakama, sihukumu. Ninachosema ni kwamba huku unaweza kubeti mpira mmoja, mrusho mmoja, kama utakuwa na kasi gani. Baada ya mashtaka ndipo ligi na makampuni wakakubaliana kwamba dau la mrusho mmoja lisizidi dola 200. Yaani lipo bado, limewekewa tu kipimo.

Sasa Kentucky. Hapa naomba mnipe subira.

Nilianza kufuatilia kikapu cha vyuo kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kama Watanzania wengi wa rika langu. Kijana wa Dar yuko Connecticut, futi saba na inchi tatu, anazuia mipira ya watu mpaka wanaogopa kuingia ndani. Alikaa misimu mitatu. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali, na mwaka huo huo akachaguliwa wa pili katika drafti nzima ya NBA, pale klabu zinapochagua wachezaji wapya. Misimu mitatu! Ulimwona anavyokua. Msimu wa kwanza miguu mizito, wa tatu ni mchezaji bora wa ligi yao, heshima aliyogawana na DeJuan Blair. Huo ndio utamu wa kikapu cha vyuo, kumwona mtu anakomaa mbele yako.

Kentucky ni chuo kikubwa kuliko vyote kwa mapenzi ya watu. Vikombe vinane. Uwanja wa Rupp uko katikati ya mji, unaingiza watu zaidi ya elfu ishirini, na mechi ya Jumanne usiku dhidi ya chuo usichokijua unajaa. Kombe la mwisho ni 2012, kikosi cha Anthony Davis chini ya kocha John Calipari. Tangu hapo ni aibu juu ya aibu. 2022 tukiwa namba mbili kwenye kanda yetu tulitolewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa namba 15. 2024 tukatolewa na Oakland, ile ya Michigan, na kijana anaitwa Jack Gohlke. Gohlke alikuwa hadundi mpira kabisa. Anazunguka nyuma ya mwenzake, anapokea, anarusha. Pointi tatu mara kumi. Pointi 32. Na walinzi wetu, ambao watatu wangechaguliwa NBA miezi mitatu baadaye, kila mara wanafika wakati mpira umeshamtoka mkononi.

Wiki chache baadaye Calipari akaenda Arkansas. Akaja Mark Pope, nahodha wa kikosi kilichobeba kombe 1996, na siku anakabidhiwa timu hakuna mchezaji hata mmoja mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki. Hata mmoja. Akajenga timu nzima kwa uhamisho, na niseme haki yake, msimu wa kwanza alifika kumi na sita bora. Msimu ukaisha, wengi wakaondoka tena, akajenga tena. Desemba 2025 tukaenda Nashville kucheza na Gonzaga, tukafungwa 94-59, na mashabiki wa Kentucky wenyewe wakaizomea timu yao.

Mwanangu ana jezi za wachezaji ambao hawapo. Ananiuliza mwaka huu tumnunulie ya nani, na mimi sijui nani atakuwepo Aprili.

Sitaki kusikia kwamba tatizo ni wachezaji kulipwa. Walipwe, na wamecheleweshewa mno. Tatizo ni kwamba wamefungua mlango wa pesa bila kuweka mkataba unaoeleweka. Mpaka 2021 mchezaji akihama alikaa benchi mwaka mzima. Wakaruhusu kuhama mara moja bila adhabu. Kisha kesi mahakamani, na tangu 2024 anahama kila mwaka akitaka. Kwa hiyo kila majira ya kuchipua vikosi vinavunjwa na kupigwa mnada upya. Mchezaji hana uhakika na kocha, kocha hana uhakika na mchezaji, na shabiki hana uhakika na yeyote.

Ukiziweka timu zangu mbili pamoja unaona jambo moja. Besiboli pesa zimekaliwa na mmiliki ambaye huwezi kumgusa. Kikapu cha vyuo pesa zinazunguka kwa kasi ambayo hakuna kinachoshika mizizi. Pande zote shabiki ndiye analipa tiketi, jezi, king'amuzi, na pande zote shabiki hana fimbo.

Naomba kuwasilisha.

#2

Mkuu, uzi mzuri, nimeusoma wote. Mimi niko Dar. Besiboli nimeiona pale Azania, kuna uwanja uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, vijana wa sekondari wanacheza kweli kweli. Lakini nikijaribu kutazama ya Marekani kwenye simu nasinzia. Mtu anarusha, anasimama, anajikuna, anavuta kofia, anarusha tena. Nyie mnapata wapi moyo?

#3 – Mleta uzi

@#2 Mkuu, jaribu tena, imebadilika. Mwaka 2023 walileta saa ya mrushaji. Kama hakuna mtu kwenye kituo ana sekunde 15, kama kuna mtu ana sekunde 18 siku hizi. Akizidisha anapigwa adhabu. Mechi ya kawaida ilikuwa inapita saa tatu, ikashuka hadi saa 2 na dakika 40 hivi kwa msimu mmoja tu. Ni jambo bora kabisa waliowahi kufanya viongozi wa ligi ile na nawapongeza.

Halafu tafuta video moja, Elly De La Cruz dhidi ya Milwaukee, tarehe 8 Julai 2023. Yuko kituo cha kwanza. Mrusho mmoja, ameiba kituo cha pili, yaani amekikimbilia bila kusubiri mwenzake apige mpira. Mrusho unaofuata, ameiba cha tatu. Mrushaji anarudishiwa mpira, anageuka mgongo akirudi kwenye kichuguu chake kwa mwendo wa kawaida, na Elly anatoka mbio kutoka cha tatu anaiba nyumbani, kile kituo cha mwisho chenye pointi. Mirusho miwili, vituo vitatu. Mrushaji anageuka anamkuta ameshapita. Ukitazama hiyo hutasinzia. Na ndiyo maana Reds wananiuma zaidi, kwa sababu kijana wa namna ile wanaye.

#4

Mleta uzi, kwenye besiboli nakuunga mkono. Kwenye kikapu nakataa. Unasema hutaki kusikia kwamba tatizo ni wachezaji kulipwa, halafu unalilia wakati ambapo walikuwa wanafungwa miguu. Mwaka wa kukaa benchi ulikuwa adhabu kwa kijana wa miaka 19, wakati kocha anahama kesho asubuhi na analipwa. Calipari mwenyewe alipewa 2019 mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 86 ambao watu waliuita wa maisha. Umemwona maisha yake yako wapi? Mkataba wa televisheni wa mashindano ya Machi, yale ya ubingwa wa vyuo, uliongezwa 2016 kwa dola bilioni 8.8 hadi 2032, na wakati unasainiwa mchezaji akipewa chakula na mtu wa nje ilikuwa kesi. Waache wahame. Walinyonywa vya kutosha.

#5 – Mleta uzi

@#4 Nisome tena ndugu yangu. Sijaomba adhabu irudi. Nimesema mkataba. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya wasimamizi wa michezo ya vyuo, vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo ni dola milioni 20.5 hivi kwa michezo yote ya chuo kwa mwaka wa kwanza, na wale wa zamani watalipwa fidia ya dola bilioni 2.8 kwa miaka kumi. Nilifurahi siku ile. Sasa kama unamlipa, yeye ni mfanyakazi wako hata kama hutaki kumwita hivyo. Mfanyakazi apewe mkataba wa miaka miwili, mitatu, wenye bei ya kuuvunja kwa pande zote mbili. Kocha akiondoka, mchezaji awe huru. Chuo kikimwacha, kilipe kilichobaki. Mchezaji akitaka kwenda kwingine, chuo kipya kilipe. Mpira wa miguu wa dunia nzima unaendeshwa hivyo, na hakuna anayesema Samatta alifungwa miguu kwa kuwa na mkataba.

Na mfano wako wa Calipari ni silaha yangu. Tarehe 1 Februari 2025 alirudi Rupp na Arkansas yake, akazomewa alipotokea, akatufunga 89-79. Watu walikuwa hawajui wamchukie au wamshukuru kwa 2012. Mkataba wenye bei halisi ya kuuvunja ungetusaidia hata sisi.

#6

Ndugu, mimi ni mutoto wa Lubumbashi, niko Louisville. Najua Louisville na Lexington hatupendane kwa mpira, lakini umenisikitisha: umeandika Kentucky yote na hujasema jina la Oscar Tshiebwe. Kaka, yule ni mutu wetu. Tuseme.

#7 – Mleta uzi

@#6 Kaka, nilimwacha makusudi kwa sababu nikianza na Oscar siwezi kusimama. Lakini umeniita.

Kwa wasiomjua: Oscar Tshiebwe ni wa Lubumbashi, Kongo. Alikuja Marekani kijana mdogo, akacheza West Virginia, akahamia Kentucky. Msimu wa 2021-22 alikuwa anaokota mipira 15.1 kwa mechi. Kiwango cha 15 kilikuwa hakijafikiwa na mtu daraja la kwanza la vyuo tangu 1980. Akachukua tuzo zote za mchezaji bora wa taifa. Ukimtazama alikuwa hashangilii mpira kwenda angani, alikuwa anasoma pembe. Wakati wengine wanatazama ring'i, yeye ameshapeleka kiuno kwa mlinzi, ameshika nafasi, mikono imefunguka kabla mpira haujagonga chuma. Ukishaingia kwenye ile mikono hautoki. Usiku ule wa Saint Peter's alifunga 30 na kuokota 16, na bado tukatolewa. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi yake yote vile na kubaki na mikono mitupu.

Hapa Lexington ilikuwa jambo la pekee. Mji huu una Wakongo wengi sana, Kiswahili unakisikia sokoni, kanisani, kwenye basi la shule. Watoto wao walikuwa wanacheza nje ya majengo ya kupanga, kila anayeruka kuokota mpira anapiga kelele "Oscar!" Kijana anayezungumza Kiswahili ndiye alikuwa nyota wa chuo hiki, ambacho 1966 kilicheza fainali na kikosi cha wazungu watupu dhidi ya Texas Western iliyoanza na watu weusi watano, kikafungwa 72-65.

Na sasa sikilizeni jambo lililomkuta. Julai 2021 wachezaji wa vyuo walianza kuruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao. Oscar alikuwa maarufu kuliko wote nchini, lakini alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu kazi ya namna hiyo kwenye ardhi ya Marekani. Wenzake kwenye benchi wanafanya matangazo, yeye anatazama. Agosti 2022 timu ilipokwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki ndipo alipoweza kufanya kazi zake za matangazo, kwa sababu kule si Marekani. Mchezaji bora wa taifa anasubiri kuvuka bahari apate haki ambayo mchezaji wa akiba anaipata chumbani kwake! Hili la viza halijatatuliwa na makubaliano yoyote, na vyuo ndivyo vinavyokwenda kuwachukua hawa vijana Afrika.

#8

Wakuu, mimi Mganda, naomba niwatetee Dodgers kidogo. Mwaka 2011 watoto wetu walishinda tiketi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wakafuzu tena, timu ya Lugazi, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Na 2022 nani alikuja Uganda akasajili vijana wetu? Dodgers. Hao wengine wanaolialia hawana pesa, nauli ya ndege kuja Entebbe wanayo. Uwanja upo, vijana wapo, wangekuja.

#9 – Mleta uzi

@#8 Asante sana, na hilo la 2011 liliuma hata huku. Sina ugomvi na hoja yako, unaitia nguvu yangu. Kutafuta vijana ni rahisi kuliko kumlipa Ohtani, kwa hiyo klabu masikini ndizo zilipaswa kuwa za kwanza Kampala, na hazikuwa.

Mkataba kati ya wamiliki na wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026. Wamiliki wanataka ukomo wa mishahara, wachezaji hawajawahi kuukubali, na watu wengi wanaogopa wamiliki watawafungia wachezaji geti kama 2021-22, lilipofungwa siku 99. Wazee wa Cincinnati wanakumbuka vibaya zaidi, 1994. Mgomo ulipoanza Agosti mwaka ule Reds walikuwa wanaongoza kundi lao, na World Series ikafutwa. Mimi nasema hivi na najua nitapigwa mawe: kama bei ya kupata kiwango cha chini cha matumizi ni kupoteza nusu ya msimu wa 2027, naikubali. Miaka thelathini bila kuvuka hatua moja, nusu msimu si kitu.

#10

Mleta uzi, samahani natoka nje ya mada kidogo. Nina kijana kidato cha tatu hapa Mwanza, ana futi sita na inchi saba na bado anarefuka. Kuna mtu ametujia anasema atampeleka Marekani chuo, anataka tutangulize pesa. Kwa haya uliyoandika naogopa. Nifanye nini?

#11 – Mleta uzi

@#10 Mzazi mwenzangu, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Usitoe pesa. Chuo kinachomtaka mchezaji ndicho kinachogharamia, na kocha wa kweli atapiga simu yeye mwenyewe, atakuonyesha uso wake, barua pepe yake itakuwa ya chuo. Muulize huyo mtu ni kocha yupi, wa chuo kipi, na umpigie kocha kwa namba iliyo kwenye tovuti ya chuo, si aliyokupa yeye.

La pili, masomo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanahesabu masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wanakagua vyeti vya nje wenyewe. Cheti cha kidato cha nne cha kijana wako kitachunguzwa, kwa hiyo hisabati na Kiingereza asivitupe kwa ajili ya mazoezi. Pia saa ya ustahiki, yaani muda anaoruhusiwa kucheza chuo, ina sheria zake. Akiharakishwa kwenda mahali pasipofaa, saa inaanza kuhesabu.

La tatu, ofa ikija, iwe kwa maandishi, na uulize maswali matatu. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote? Kocha akiondoka, ufadhili unabaki? Akiumia goti, masomo yanaendelea kulipwa? Kuhusu pesa za matangazo na mgao wa chuo, wapate mwanasheria wa uhamiaji wa chuo aandike ni kitu gani viza ya kijana wako inaruhusu, kabla hajasaini karatasi yoyote ya kulipwa. Akikosea hapo anaweza kupoteza viza.

Nitumie ujumbe wa faragha jina la chuo alichokutajia huyo mtu. Ofisi ya michezo hufunguliwa saa tatu asubuhi hapa, nitapiga nikuletee jibu.